Kasa wa Lango la Nne

Kasa alikuwa amekwisha rudi baharini, lakini alama zake zilibaki, na mtu yeyote aliyekulia Mbaraji angezisoma bila miwani. Alipanda kutoka majini akijikokota kwa mapezi, akiacha njia pana yenye mikwaruzo pande zote mbili. Akafika mpaka chini ya ukuta wa nyumba ya Bi Mwanamvua. Hapo akachimba. Akasogea kulia, akachimba tena. Akasogea kushoto, akachimba mara ya tatu, na kote huko hakuambulia ila vishimo ambavyo hata paka angevionea haya. Kisha njia ikageuka na kurudi ilikotoka.

"Mwingine huyo," alisema Haroub. "Ameondoka na mayai yake tumboni kama alivyokuja."

Haroub alikuwa mlinzi wa viota wa kisiwa kizima, kazi ambayo siku hizi ilimwachia muda mwingi wa kunywa kahawa, kwa kuwa viota vyenyewe havikuwapo. Siwema Shaweji alichuchumaa, akatoa chuma chembamba mkobani, akakisimamisha juu ya mchanga na kukilalia kwa uzito wake wote. Chuma kilizama urefu wa kidole, kikagoma. Akatazama kioo cha kompyuta kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono wake, akakunja uso.

"Haiwezekani. Mchanga huu nimeutengeneza mimi. Haukutakiwa kuwa mgumu hivi."

"Basi uambie. Pengine utakusikia wewe mama yake."

Kwenye makaratasi ya serikali mchanga ule ulikuwa na jina refu ambalo hakuna aliyelimaliza. Watu wa Mbaraji waliuita Mkaidi, kwa sababu ulikataa kwenda na bahari, na vijana hawakuchoka kutania kwamba mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Ndani yake waliishi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vikilishwa, vilitoa chokaa iliyozishika chembe za mchanga zikashikamana. Vikikosa chakula vililala, chokaa ikalainika, na Mkaidi akawa mchanga kama mchanga mwingine wowote, wa kubebwa na wimbi la kwanza lenye nia. Ndiyo maana kila lilipofika bamvua, wakati maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ufuo wote ulinyweshwa uji wa kuvilisha kwa mabomba na malango yaliyofukiwa chini yake. Kisiwa cha jirani, Shungu, hakikuwahi kupata Mkaidi. Leo Shungu ni jina la mtaa tu, kule juu mlimani Mbaraji, walikojengewa watu wake.

Kwa hiyo Siwema alikuwa na haki ya kujivuna, na hakuwa mtu wa kujinyima haki zake. Kabla hajatimiza miaka thelathini na tano alikuwa ameirudishia Mbaraji ufuo ulioliwa ukaisha. Watu walilala usingizi kwa ajili yake. Kusimama sasa juu ya kazi yake na kuambiwa ina kasoro kulimkera kuliko alivyotaka Haroub aone.

"Waende wakatage Ras Kimbau," alisema. "Kule mchanga ni laini."

"Wewe ukishikwa na uchungu utakwenda kuzalia kwa watu usiowajua? Kasa hurudi alikozaliwa. Akifukuzwa hapa atazunguka na mayai mpaka yamshinde, kisha atayamwaga majini samaki wafungue kinywa." Haroub alifuta mchanga magotini. "Na unajua hawa ni kina nani? Kasa hukua miaka thelathini ndipo apate kutaga. Hawa walianguliwa hapa hapa, mimi na wewe tukiwa chekechea, kabla ufuo wa zamani haujaliwa. Baada yao hakuanguliwa mwingine. Hawana wadogo zao wanaokuja nyuma, Siwema. Hawa wakishindwa, ndiyo basi."

Siwema aliinuka. Mwaka uliopita walijaribu kumwaga mchanga mlegevu juu ya Mkaidi, ukaondoka na wimbi kabla ya adhuhuri. Hilo halikuwa jibu. Jibu lilikuwa kwenye ugumu wenyewe.

"Kuna kosa mahali," alisema. "Na kosa likiwapo, mimi hulipata."

*

Jiko la uji lilinuka, na wageni walioletwa kulitembelea walikuwa wakikumbuka ghafla kwamba wana shughuli nyingine. Mwani uliokaushwa, maganda ya chaza yaliyosagwa, mkojo wa mbuzi uliochachushwa: vyote vilichemshwa katika masufuria makubwa mpaka vikawa kitu cha kijivu kinachotiririka polepole. Hapo mwanzo Siwema alileta mitambo ya kufanya kazi hiyo yenyewe, chumvi ikaila yote. Akaajiri wanawake wa mtaani, na hao chumvi haikuwaweza.

Kiongozi wa zamu, Bi Riziki Ngwali, alikuwa amejifunga kanga kibwebwe juu ya mabuti ya mpira. Alilijaza pipa la lango la nne mpaka kwenye mstari mwekundu, akafungua koki, uji ukashuka kwa mlio wa kugugumia kwenye tangi la chini ya ardhi, ambako lango lingeuachia uingie mchangani polepole mpaka jioni. Pipa lilipokwisha, akafunga koki. Kisha akachota ndoo moja kutoka kwenye sufuria, akafungua tena, akaimimina.

Siwema alikuwa amesimama mlangoni. "Bi Riziki, hiyo ndoo ni ya nini?"

"Ipi, mwanangu?"

"Hiyo uliyomimina sasa hivi, baada ya kipimo."

"Aa, hiyo!" Bi Riziki alicheka. "Hiyo ni ya baraka."

"Ya baraka?"

"Wewe si mzaliwa wa hapa? Umewahi kumwona mtu wa Mbaraji akikupimia mchele, akaufuta mdomo wa kibaba kwa kiganja, akakukabidhi bila kukuongeza hata ukufi? Si ungemsusia duka lake? Sasa mchanga unatulinda sisi na wajukuu zetu, mimi nikaupimie kichoyo?"

"Tangu lini mnafanya hivyo?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Zamu zote? Malango yote?"

"Sasa nani akubali kuitwa mchoyo?"

Siwema hakujua acheke au alie. Alikuwa ameandika kipimo kile mwenyewe, akakipigia mstari mwekundu, akaapa kwamba hata mtoto hawezi kukikosea. Naye amekulia kisiwa hiki hiki, ambako hakuna kitu kinachopimwa kikaishia kwenye mstari: si mchele, si mafuta, si hata kitambaa kwa fundi. Alilijua hilo tangu kunyonya. Alikuwa amelisahau siku alipohitaji kulikumbuka.

"Mmeugeuza mchanga kuwa jiwe," alisema.

"Kwani jiwe lina ubaya gani? Nyumba zetu zimesimama."

"Kasa hawezi kuchimba jiwe, Bi Riziki. Anapanda na mayai, anachimba mpaka anachoka, anarudi kuyamwaga baharini. Leo alfajiri alikuwa mmoja chini ya ukuta wenu, wewe na shangazi yangu Mwanamvua."

Kicheko cha Bi Riziki kilikatika. Alitazama ndoo iliyokuwa mkononi mwake, akaiweka chini. "Sikujua," alisema. "Wallahi sikujua."

Hapo Siwema angeweza kuondoka na ushindi wake. Kosa amelipata, tena si lake. Lakini alikuwa mtu wa kuhakiki, na tabia hiyo ndiyo iliyomtia matatani. Alikwenda kukaa nyuma ya jiko, upande ambao upepo ulikuwa unaondoa harufu, akakiamuru kioo kiirudie tufani ya mwaka juzi. Tufani ile ndiyo iliyompa jina. Maji yalipanda kuliko wazee walivyowahi kusimulia, na Mkaidi hakutikisika. Siwema alivishwa mashada ya asumini mpaka akapiga chafya.

Safari hii aliziondoa zile ndoo kwenye hesabu. Akaacha kipimo chake peke yake, mpaka kwenye mstari mwekundu na basi, kisha akaileta bahari.

Ufuo ulishika kwa muda. Halafu ukaachia penye lango la nne, na maji yakaingia mtaa wa mbele, nyumba baada ya nyumba. Siwema alirudia. Alibadilisha nguvu ya upepo, akabadilisha mwelekeo wa mawimbi, akarudia tena. Mara zote lango la nne liliachia.

Alikaa pale na masikio yanamwaka. Aliona aibu, aibu ya kweli, na nyuma ya aibu kulikuwa na hofu. Kilichoukoa mji hakikuwa akili yake. Ni watu waliokuwa wanaona haya kuitwa wachoyo.

*

"Lango la nne ndilo wanalolipenda," Haroub alisema. Alimkuta bado amekaa pale pale. "Hapo ndipo palipokuwa na viota vingi zamani, na bado ndipo wanapopandia. Lifunge. Bamvua moja tu lipite bila uji. Mchanga utalegea, kasa watachimba. Mayai nitayafukua asubuhi ile ile niyapeleke juu penye usalama, kisha wewe unafungua lango na Mkaidi anakuwa Mkaidi."

"Kwa nini asubuhi ile ile?"

"Kwa sababu kijusi kinajishikiza kwenye ganda. Saa chache za kwanza unaweza kulibeba yai. Ukichelewa, ukiligeuza tu umekiua. Likishashika, ni kuliacha lilipo mpaka liangue, miezi miwili."

"Na nyumba?"

"Nyumba ni mbili, ya shangazi yako na ya Bi Riziki. Hesabu zako zinasemaje kwa bamvua moja?"

"Zinasema zitasimama," alisema Siwema. Hakumwambia hesabu hizo hizo zilikuwa zimesema nini juu ya tufani.

"Basi unangoja nini?"

"Niwaulize wenye nyumba."

Haroub aliguna. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesoma nyayo za kasa wanaorudi bure msimu mzima, na subira ilikuwa imemwishia. "Uwaulize nini? Kwamba wanakubali bahari isogee mlangoni? Watakataa, na ukishakataliwa huwezi tena kufunga. Ukifunga sasa, bamvua litapita, kasa watataga, na wenye nyumba watanywa chai yao bila kujua lolote. Nani ameumia hapo?"

Lilikuwa swali zuri, na Siwema alipenda maswali yenye majibu mafupi. Aligusa kioo. Lango la nne likajifunga chini ya ardhi bila kishindo, na kwa kitambo alijisikia yule Siwema wa zamani, anayeona tatizo na kulimaliza. Kisha akakumbuka kwamba ni Ijumaa, na kwamba Ijumaa zote chakula cha mchana alikula kwa shangazi yake.

*

Bi Mwanamvua alikuwa mwongoza meli wa bandari kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Kazi yake ilikuwa kukaa penye redio na kuwaambia manahodha wapi pana mwamba, kwa hiyo alizungumza kwa maneno machache na hakupenda kujibiwa kwa mengi. Ndiye aliyemlea Siwema tangu mama yake afariki. Siku hiyo alipika wali wa nazi na mchuzi wa pweza, akatandika mkeka karibu na dirisha linaloelekea baharini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nawa mikono ule, umekonda."

Siwema alikula matonge mawili. Pweza alikuwa laini, nazi nzito. Chini ya sakafu ile aliyokalia, mchanga ulikuwa umeanza kulala njaa. Alilishika tonge la tatu, akalirudisha sahani.

"Una nini?" aliuliza shangazi yake.

"Nimelifunga lango la nne."

Akaeleza yote, kasa na ndoo za baraka, tufani na shauri la Haroub. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama alivyozoea kueleza mbele ya wakubwa. Alipomaliza, Bi Mwanamvua alinawa mkono wake taratibu, akaufuta.

"Kwa hiyo umenifungia lango nikiwa ndani," alisema.

"Shangazi, ni bamvua moja, na hesabu..."

"Sijakuuliza hesabu. Umekuja kwangu, umekaa kwenye mkeka wangu, unakula, na nyumba umekwisha iweka rehani. Ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ningekutoa na sahani yako." Sauti yake haikupanda, na hilo lilimuumiza Siwema zaidi. "Fungua kwanza. Kisha uniombe."

"Nikifungua sasa uji utashuka leo. Itatubidi tungoje bamvua lijalo, na kasa..."

"Fungua."

Siwema aligusa kioo. Alisikia, au alidhani anasikia, uji ukigugumia chini yao. Machozi yalimlenga, akayameza, maana aliona hastahili kulia katika nyumba ile.

"Haya," alisema Bi Mwanamvua. "Omba."

"Naomba tulifunge lango la nne bamvua lijalo, shangazi. Kwa ajili ya kasa. Wasipotaga mwaka huu huenda wasitage tena kamwe."

"Bahari itachukua kiasi gani?"

Siwema alifumbua kinywa. Jibu alikuwa nalo, tarakimu safi iliyoiva, ilikuwa inamsubiri kwenye ulimi. Ndiyo tarakimu ile ile iliyowahi kumpa mashada ya asumini.

"Sijui," alisema. "Huenda isichukue kitu. Huenda ikachukua jiko. Nilidhani najua, kumbe sijui."

"Tangu urudi na shahada zako sijalisikia neno hilo kinywani mwako. Manahodha walioniambia hawajui, wote niliwafikisha salama. Waliojua kila kitu ndio tuliowaokota mwambani." Bi Mwanamvua akasogeza sahani. "Sasa naweza kukusikiliza. Mwite Riziki, ukuta wake na wangu ni mmoja."

Bi Riziki alikuja bado ana mabuti. Alisikiliza akiwa amesimama, akakataa kabla hawajamaliza.

"Hapana. Nyumba yangu nimeijenga na marehemu mume wangu, jiwe kwa jiwe. Nimeilisha kwa mikono yangu. Leo niilaze njaa?"

"Huna lazima," Siwema alisema. "Ukikataa, halifungwi. Na sitalifunga kwa siri tena."

Bi Riziki alikwenda dirishani. Alama za asubuhi zilikuwa bado zinaonekana, njia ya kupanda na njia ya kushuka, na vile vishimo vitatu.

"Kinachonikera ni kwamba nimefanya mimi," alisema baadaye, bila kugeuka. "Mja mzito wa watu amefika mlangoni pangu, amebisha hodi na kucha zake, na mimi nimemfungia. Kwa ukarimu wangu! Sasa huko kwa Mungu nikasemeje?" Alivuta pumzi. "Bamvua moja. Moja tu, Siwema. Na mayai yahamishwe siku ile ile."

"Bamvua moja," alisema Siwema.

*

Bamvua lililofuata lilikuja na mvua za masika mgongoni, na masika ya mwaka ule hayakuwa na adabu. Siku ya kunywesha uji, Bi Riziki alilipita lango la nne bila kuligusa, akaenda kulisha mengine huku ananung'unika. Jioni wale mama wawili walipanda mlimani kwa Siwema na mabegi yao, kama walivyokubaliana. Upepo ukaanza. Bahari ikapanda, ikashuka, ikapanda zaidi. Barabara ya kuteremka ufuoni ilikatwa na maji, na kwa siku mbili hakuna aliyeweza kushuka, hata Haroub, ingawa alijaribu na kurudishwa na mafuriko mara mbili.

Siwema hakuzima kioo. Malango yote yalionyesha mchanga umeshika. Lango la nne lilionyesha mchanga unaondoka, si wote, si kwa kishindo, bali kidogo kidogo bila kupumzika. Safari hii hakuogopa kama alivyodhani ataogopa. Wenye nyumba walikuwa wamekaa karibu naye, wanagombana kuhusu chumvi ya mchuzi, na lolote ambalo lingetokea huko chini, walikuwa wameliingia macho wazi.

Asubuhi mvua ilipokatika, Siwema na Haroub ndio waliofika wa kwanza. Nyumba ya Bi Riziki ilikuwa imesimama, ukuta wa mbele una ufa wa kupitisha mkono. Ya Bi Mwanamvua ilikuwa imefunguliwa. Jiko halikuwapo. Ukuta wa chumba cha kulala unaoelekea baharini haukuwapo pia, na mchanga ulikuwa umeingia mpaka ndani, laini, umefunika nusu ya sakafu na miguu ya kitanda.

Juu ya mchanga ule ilipita njia pana yenye mikwaruzo. Ilitoka baharini, ikapanda palipokuwa ukuta, ikaingia chumbani na kuishia pembeni mwa kitanda, penye kichuguu cha mchanga kilichovurugwa vizuri. Kisha ikatoka.

"Ametaga," Siwema alinong'ona. "Haroub, ametaga! Fukua tuyapeleke."

Haroub hakusogea. Alikuwa amepiga magoti penye njia ile, mahali ambapo paa lilikuwa halifiki. Mkwaruzo wote ulikuwa umejaa vishimo vidogo vya matone.

"Alipita kabla ya mvua kubwa," alisema. "Usiku wa kwanza huyu." Alichimba polepole kwa vidole mpaka akaona weupe wa yai la juu, akalifunika mara moja. "Yamekwisha shika. Nikiyagusa, nayaua yote."

Siwema alisimama katikati ya chumba kisicho na ukuta. Alielewa upesi, kama kawaida yake. Uji ukishuka leo, Mkaidi atashika kabla ya bamvua lijalo, na kilichobaki cha nyumba mbili kitapona. Lakini chokaa itakifunga kiota, na vitoto vitakufa chini ya kifuniko ambacho havitaweza kukipasua. Uji usiposhuka, ni miezi miwili, mabamvua manne, na hakuna ukuta utakaoyahimili yote.

Bamvua moja tu, alikuwa amewaahidi. Na kichuguu kilikuwa kidogo. Pigo moja la koleo lingekisawazisha, lango likafunguliwa, na hakuna mtu duniani angejua ila yeye na Haroub. Hata Haroub alilijua hilo. Alikuwa anamtazama, na safari hii hakuwa na shauri la kumpa.

Siwema alitoka nje, akapaza sauti kuelekea barabarani, ambako wale mama wawili walikuwa wanateremka wameshikana mikono kwa sababu ya utelezi.

"Shangazi! Bi Riziki! Njooni mwone, halafu nina jambo la kuwaomba. Mna haki ya kukataa."

Walikuja. Walitazama jiko lililokwenda, na Bi Mwanamvua alishika kiuno. Kisha wakatazama njia, wakaifuata kwa macho mpaka pembeni mwa kitanda. Siwema akawaeleza bila kupamba. Aliwaambia kwamba ahadi yake imevunjika, kwamba akiulizwa nyumba zitabaki au zitakwenda, jibu safari hii analijua, nalo ni kwamba zitakwenda, na kwamba kuna nafasi mtaa wa Shungu kwa mwenye kutaka. Wakisema lango lifunguliwe, atalifungua saa hiyo hiyo na hatawalaumu maisha yake yote.

Bi Riziki alikuwa analia waziwazi, kamasi na vyote. Aligusa ufa wa ukuta wake. "Hawa wakianguliwa," aliuliza, "watarudi lini kutaga?"

"Miaka thelathini," alisema Haroub.

"Mimi nitakuwa udongoni."

"Na mimi," alisema Bi Mwanamvua.

Walitazamana, wale majirani waliochangia ukuta mmoja tangu ujana wao. Bi Riziki alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akageuka, akaingia nyumbani kwake, na punde wakasikia anateremsha masufuria kutoka rafuni.

Bi Mwanamvua alivua viatu vyake, akaviweka nje pasipo na mchanga. Akakunja godoro.

"Siwema, unasimama nini? Shika upande huo wa kitanda," alisema. "Uunyanyue, usiuburute. Na angalia unapokanyaga, mwenzako amelaza watoto."